Jumanne Kumi na Vibrafoni ya Kaptembwo

Kama umeanza dawa na ncha za vidole vyako zimeanza kulala, acha kusoma kwanza. Nenda ukamwambie daktari leo, si wiki ijayo. Ukirudi utanikuta papa hapa, nami nitakueleza kwa nini nakufokea kabla hata hatujasalimiana.

Naitwa Tabitha. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka kumi na sita nimefundisha kwaya ya kanisa letu hapa Kiamunyi. Mimi si mpole, waulize soprano. Siku niliyoambiwa kwamba kile kivimbe kwenye titi la kushoto ni saratani, nilitoka pale nikamgombeza karani kwa sababu alikuwa ameandika jina langu bila herufi ya mwisho. Mume wangu, Baba Wambui, alinishika mkono akanitoa nje. Yeye ni fundi wa pampu za maji, mtu wa maneno machache, na siku hiyo hakuwa na hata hayo machache.

Titi lilitolewa Julai, wakati wa baridi ile ya kuvaa soksi mbili, mahindi ya wakwe zangu kule Njoro yakitoa mbelewele. Sitaki kuelezea kovu. Nitasema tu kwamba kwa wiki sita mkono wa kushoto haukupita bega, nikawa naongoza kwaya kwa mkono mmoja na kwa macho makali. Halafu ikaja dawa ile nyekundu, mara nne, kila baada ya wiki tatu. Nywele ziliondoka baada ya ile ya kwanza, zikabaki kwenye mto. Kucha zikawa nyeusi. Kila chakula kikawa na ladha ya msumari, na harufu ya kitunguu kikikaangwa kwa jirani ilitosha kunitoa mbio. Nilichoweza kula ni viazi vilivyopondwa vikapoa kabisa, bila chumvi. Binti yetu Wambui alikuwa shule ya bweni, kidato cha pili, na tulikubaliana tusimweleze yote. Hilo nalo lilikuwa kosa, lakini si kosa ninalotaka kusimulia.

Ukitaka kuujua ugonjwa huu, kaa kwenye benchi. Unafika saa kumi na mbili asubuhi, unatolewa damu, unapewa nambari, halafu unangoja uambiwe kama damu yako inatosha kupewa dawa. Isipotosha unarudi nyumbani ukale maini na mboga, na wiki imepotea. Kuna televisheni ukutani isiyo na sauti. Kuna mtu wa kukueleza kila kitu, na nusu ya anayokueleza ni uongo. Kuna wema mdogo mdogo pia. Sista mmoja alikuwa akijaza glavu maji ya moto, anaifunga fundo, ananiwekea mkononi mpaka mshipa uamke, maana mkono wa kushoto haukuruhusiwa kudungwa tena na wa kulia ulikuwa umechoka. Sijawahi kumwambia jinsi nilivyoingojea ile glavu.

Ilikuwa siku ya nyekundu ya tatu niliposikia vyuma. Mzee mmoja mrefu, koti limepigwa pasi, viatu vinang'aa, alikuwa ameketi nyuma yangu, mkewe amemlalia begani. Simu yake ilikuwa ikitoa sauti ya vyuma vinavyogongwa haraka haraka, vikilia kwa mtetemo. Kichwa kilikuwa kinaniuma.

"Boss, hiyo kengele itanyamaza saa ngapi?" nikamwuliza.

"Si kengele, madam. Ni vibrafoni."

"Hata ikiwa ni harusi ya malaika. Sisi ni wagonjwa hapa."

Mkewe akasema bila kufungua macho, "Mwache, mama. Hiyo ndiyo inanizuia kutapika."

Nikaona haya. Nikageuka mbele nikanyamaza, na kwa kuwa nilikuwa nimenyamaza, nikasikia. Mtu aliyefundisha kwaya miaka kumi na sita hawezi kusikia wimbo bila kuupa majina: so, la, do, mi. Nikaufuata vizuri mpaka mahali fulani, halafu huyo mpigaji akapanda ngazi nisiyoijua, akatua kwenye noti ambayo kwangu haikuwa na kiti.

"Huyo amepotea," nikasema.

"Hajapotea," mzee akajibu. "Wewe ndiye umeachwa."

Maneno hayo sijamsamehe mpaka leo, na ndiyo yaliyonifanya nimwombe anitumie ule muziki kwa simu kabla jina langu halijaitwa. Alijitaja kuwa Sajini Odero. Alikuwa amepiga ngoma na vyuma katika bendi ya jeshi mpaka akastaafu. Mkewe, Mama Achieng, alikuwa amebakiza Jumanne moja tu ya dawa ya pili, ile ya kila wiki. Hoteli moja ya zamani ilipofungwa, Sajini alinunua vibrafoni iliyokuwa imesahaulika huko chini ya turubai, akaipeleka kwake Kaptembwo.

"Uje uione," aliniambia. "Lakini uje ukijua huo wimbo."

Kwaya zetu nyingi hazisomi mistari mitano na noti zenye mikia. Tunaandika kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t, na nukta za kuonyesha mwendo. Mwalimu anatoa Do, noti ya msingi, waimbaji wanaipokea, na Do hiyo inakaa palepale mpaka Amina. Basi nikachukua daftari, nikaanza kuandika solo ile ya jazi ya kisasa, kipande anachopiga mtu mmoja, kwa herufi za kwaya. Ilikuwa mistari minane tu, dakika moja hivi. Nilisikiliza vipande vya sekunde tatu tatu, narudia mara ishirini, naandika, nafuta. Zile siku nne za kwanza baada ya nyekundu sikuweza hata kushika kalamu. Kuanzia ya tano niliweza nusu mstari. Mstari wa tano na wa sita ilinitoa jasho, karibu kila noti ilitaka kupandishwa au kushushwa. Lakini nilimaliza, zikawa kurasa tisa, nami nikajiona mtu.

"Supu hujagusa," Baba Wambui alisema akiwa amesimama mlangoni. "Lakini hiyo ngo-ngo-ngo una nguvu yake."

"Supu ina kitunguu," nikamjibu.

Hakucheka. Akalichukua bakuli akaenda nalo jikoni.

Nilikwenda Kaptembwo baada ya nyekundu ya nne, Njoro wakiwa wanavuna. Nyumba ya Sajini ni vyumba viwili kwenye ploti yenye wapangaji wengi, na vibrafoni ilikuwa imechukua chumba kimoja karibu chote. Mchana kitanda kiliegemezwa ukutani ili mtu apate pa kusimama. Ni kitu kama meza ndefu ya vibao vya chuma, vikubwa kushoto, vidogo kulia. Chini ya kila kibao kuna bomba, na ndani ya mabomba kuna visahani vinavyozungushwa na mota ili sauti itetemeke. Kuna kanyagio: ukilikanyaga sauti inaendelea, ukiliachia inakatika. Unapiga kwa vijiti vyenye vichwa vya uzi. Tokeni za stima zikiisha mota inasimama, sauti inakuwa kavu, na mpangaji wa jirani anasema asante kupitia ukutani.

Sajini alisoma daftari langu akiwa amesimama, kurasa zote tisa. Masikio mazuri, akasema, noti zote zipo. Halafu akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Mwalimu, hii Do yako umeiweka wapi?"

"Pale mwanzo."

"Mpaka mwisho?"

"Kwani inaenda wapi?"

"Inaenda. Angalia mstari wa tano, umejaza alama mpaka mtu anaogopa kukanyaga. Do imehama. Wenzake huyo mpigaji kwenye bendi wamehamia nyumba ingine, yeye amewafuata. Wewe umebaki kwa ile ya kwanza, unashangaa mbona vyombo haviko mahali pake."

Hilo ni kosa la mtu wa kwaya, sidhani kama mwingine angelifanya. Kwa miaka kumi na sita nimewachoma watu kwa maneno kwa sababu walipoteza Do, na sasa ninaambiwa niiachie kwa hiari. Nilibishana naye nusu saa nzima. Halafu nikaandika upya mistari ile miwili, nikiihamisha Do mara tatu, na alama karibu zote zikaondoka. Zikabaki so, mi, re, do, vitu vya watoto wa shule ya Jumapili. Nilikasirika kuona ni rahisi hivyo.

Usinielewe vibaya, sisemi ugonjwa ni kama jazi. Nimesikia watu wakiwaambia wagonjwa mambo ya namna hiyo na nimetamani kuwarushia ndoo. Ugonjwa ni ugonjwa. Nasema tu kwamba kwa saa moja pale Kaptembwo nilikuwa nakosea jambo lisiloua, na nilikuwa nimesahau kwamba makosa ya aina hiyo yapo.

Novemba nikaanza dawa ya pili, kila Jumanne, iwe mara kumi na mbili. Hii haitapishi sana. Kila mtu kwenye benchi alinipongeza, ati nimevuka. Nikaizoea ratiba ya mwili wangu: Jumanne dawa, Jumatano usingizi hauji na uso unawaka, Alhamisi na Ijumaa mifupa ya miguu, Jumamosi Kaptembwo, Jumapili kanisani kama naweza kusimama. Kabla ya kunipa vijiti, Sajini alinifanya niimbe solo yote bila daftari huku nikigonga mguu. Halafu nikaipiga polepole, halafu chini ya polepole, maana aliona bado nina haraka. Kufikia Jumanne ya tatu mikono iliijua yote.

"Sawa," akasema. "Sasa acha kumwiga."

Nilidhani anatania. Nimetumia miezi miwili kuokota kila noti ya mtu yule, sasa nizitupe?

"Ulikuwa unajifunza vile anafikiria. Sasa mstari wa kwanza piga wake, wa pili piga wako. Yeye ameuliza, wewe jibu. Usimrudishie swali lake."

Huko ndiko kubuni, na mwanzo wake ni aibu tupu. Mstari wa kwanza ukaisha, nikafika kwenye wa pili mikono mitupu, nikapiga pambio la ibada ya vijana. Sajini akafumba macho kwa uchungu. Mama Achieng, aliyekuwa mlangoni na ungo wake wa maharagwe, akasema, "Angalau sasa chumba kimeokoka."

Lakini wiki baada ya wiki kitu kikaanza kutoka. Alinifundisha kuchukua noti tatu za yule mpigaji na kuzimalizia kwingine. Alinifundisha kuanza kwa kuchelewa, na kunyamaza, na kunyamaza ndiko kugumu zaidi. Kwenye mstari wa tano nikawa naisikia Do ikihama kabla haijahama. Nilikuwa na furaha, nasema wazi, furaha ya kitoto, na kipara changu kimefungwa leso.

Vidole vilianza kulala Jumanne ya nne, ganzi ndogo tu kwenye ncha. Kufikia ya tano sikuweza kufunga vifungo vya blauzi, nikaanza kuvaa fulana. Kila Jumanne sista alinisomea maswali kwenye karatasi: unatapika? Unaharisha? Una homa? Una ganzi ya vidole? Nami nikajibu hapana, hapana, hapana, hapana.

Kwa nini? Kwa sababu ya benchi. Kwenye benchi ilijulikana kwamba ukitaja ganzi unapunguziwa dawa, na kwamba fulani alipunguziwa, ugonjwa ukarudi kwenye ini. Hakuna aliyemjua huyo fulani kwa jina. Nilijiuliza: vidole kumi au Wambui? Nikaona jibu ni rahisi. Nitavumilia, nimalize zote kumi na mbili, vidole Mungu atajua. Hata Baba Wambui sikumwambia. Siku moja nilishika sufuria ya maziwa jikoni kwa mkono mtupu, nikanusa ngozi ikiungua kabla ya kusikia moto. Nikamwambia mafuta yaliruka. Akanipaka asali, akaniangalia, akarudisha chupa kabatini.

Na kwenye vibrafoni nilipata pa kujificha. Kijiti cha kushoto kilianza kunilegea, noti za haraka za upande ule zikawa zinadondoka. Sajini akiinua uso, nilisema, "Nimebuni." Naye akafurahi. "Umeanza kuacha nafasi," aliniambia mara ya kwanza. "Vizuri. Wengi hawawezi." Nikaona nimepata njia: kila nilichoshindwa kukipiga nikakiita changu. Nilirudi Kiamunyi nikijiona mjanja kuliko dawa.

Ujanja huo uliisha Jumamosi iliyofuata Jumanne ya saba. Ilikuwa Januari, vumbi la kiangazi linaingia mpaka kwenye meno. Nilipiga mistari yote minane mara tatu, yake na yangu kwa zamu. Sajini akazima mota.

"Piga tena wa pili."

Nikapiga.

"Tena."

Nikapiga.

"Mwalimu, mtu anayebuni hakosi mahali pamoja kila mara," akasema. "Umeacha noti zilezile, na zote ni za mkono wa kushoto. Hiyo si nafasi. Hilo ni shimo."

Nikamwambia nimechoka. Hakubishana. Akachukua kitu kidogo kwenye ungo wa mkewe, akaniambia nifumbe macho, akakiweka kati ya gumba na kidole cha shahada cha mkono wangu wa kushoto.

"Ni mahindi ama ni harage?"

Nikakisugua. Nikakisugua tena.

"Harage."

Nilipofumbua macho kilikuwa kijiwe, chenye pembe.

Mama Achieng akaweka ungo chini. Mpaka siku ile nilidhani anachambua maharagwe kwa uvivu, vile alivyokuwa akiinama na kutazama moja moja. Akaninyooshea mikono yake yote miwili.

"Mimi nachambua kwa macho," akasema. "Vidole vilienda. Nilinyamaza mpaka ya kumi na mbili, kwa sababu ya hayo maneno ya benchi. Sasa nikibeba kikombe lazima nikiangalie. Nikiangalia kando, kimeanguka. Nilidhani naokoa maisha yangu, mama. Hakuna mtu aliniambia kuna kitu wangefanya."

Nikamgeukia Sajini. Nilikuwa na hasira na sikujua niiweke wapi. "Ulijua ya mkeo na hukuniambia."

"Yake sikujua," akasema. "Nililala naye nyumba moja na sikujua. Yako nimeisikia." Akavitoa vijiti mkononi mwangu, akaviweka juu ya kabati. "Hautagusa hii kitu mpaka uongee na daktari."

Nilirudi nyumbani nikiogopa kuliko siku ya upasuaji. Siku ya upasuaji kulikuwa na wengine wa kuamua.

Jumanne ya nane, swali la ganzi lilipofika, nikasema ndiyo. Sista akainua kichwa. Muda si muda nilikuwa mbele ya daktari, mwanamke niliyemzidi miaka kumi, naye akawa anageuza karatasi zangu za nyuma akisoma zile hapana zangu moja moja. Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Akanigusa ncha za vidole kwa kitu chenye ncha na kitu butu, akiniuliza kipi ni kipi, na kwenye mkono wa kushoto nikawa nabahatisha. Akasema dawa inasimama wiki mbili, halafu itarudi kwa kiasi kidogo, na huenda zile za mwisho nisipewe kabisa.

"Na ikirudi?" nikauliza. Saratani yenyewe sikuitaja.

"Hata ukipewa zote siwezi kukuahidi," akasema. "Lakini kupunguza ni jambo tunalolifanya kila wiki, mwalimu. Ungesema mapema tungepunguza kidogo tu. Sasa hata sijui kama vidole vitarudi."

Nilimweleza Baba Wambui huko nje, kando ya geti, watu wakipita. Nilimweleza yote: ganzi, sufuria, zile hapana. Alisikiliza akiangalia viatu vyake. Halafu akauliza ni nani aliyenifanya niseme, nikamwambia.

"Kwa hivyo ni hizo vyuma," akasema.

"Si vyuma."

"Umekubali kupunguziwa dawa ndiyo upige vyuma. Tabitha, una mtoto."

Tangu Wambui azaliwe hakuwa ameniita kwa jina langu. Nilitaka kumjibu kwa ukali, ndiyo kawaida yangu, lakini sikujua kama amekosea. Labda niliyasema yale kwa ajili ya mikono wala si kwa akili. Labda Mama Achieng alichagua uhai akapoteza vidole, nami nimechagua kinyume chake na sitajua mpaka imechelewa. Swali hilo lilikaa nasi mezani wiki nyingi. Alipika, alifua, alinipeleka kila mahali, na hakuniambia zaidi ya "umekula?" na "twende." Ukiwa mgonjwa ukaona mtu wako amenyamaza hivyo, usidhani umejua anachonyamazia. Mimi nilidhani ni hasira.

Nilipewa tatu zaidi, ndogo. Ya kumi na moja na ya kumi na mbili daktari alizipiga kalamu. Wenzangu kwenye benchi waliokuwa na zamu zao kamili walinitazama kwa huruma ya mtu anayeona gari limemwacha mwenzake. Nilikwenda nyumbani na Jumanne zangu kumi nikalala siku mbili.

Vidole vilirudi kimoja kimoja. Kwanza vilichoma, kuchoma kwa siafu, na kuchoma huko kulinifurahisha. Mkono wa kulia ulirudi wote. Wa kushoto, cha shahada na cha kati havijarudi mpaka ninapoandika haya, na daktari anasema nisingoje. Sajini alizungusha mpira kwenye kijiti cha kushoto mpaka kikawa kinene, nikajifunza kukipiga huku nikikitazama. Noti za haraka za kushoto nikazihamishia kulia. Pale isipowezekana, niliondoa kipande chote nikatafuta kingine kinachofika mahali palepale. Sasa ilikuwa kubuni kweli, maana sikuwa naficha kitu. Iliniuma pia. Ile solo niliyoiokota noti kwa noti sitaipiga tena jinsi ilivyo, nami ni mtu niliyeipenda jinsi ilivyo.

Kisha mvua kubwa ikaja, Njoro wakapanda, na Aprili nikaitwa kuchukua majibu. Daktari aliniwekea picha kwenye kioo, akanionyesha mapafu, ini, mifupa. Hawaoni kitu. "Kwa sasa," akasema, na nimejifunza kuishi ndani ya maneno hayo mawili.

Baba Wambui alikuwa kwenye benchi. Nilipomwambia, aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Alipoinuka alisema, "Twende kwa huyo Sajini wako. Nataka kuisikia hiyo kitu."

Hakuwa amewahi kuingia pale. Mama Achieng alimpa stuli na chai, akikitazama kikombe mpaka kikafika mkononi mwake. Stima ilikuwepo. Nilisimama nyuma ya vibrafoni na jasho la mgongoni, mimi niliyewahi kusimamisha kwaya mbele ya askofu bila kutetemeka. Mstari wa kwanza nilipiga wa yule mpigaji, kwa sababu lazima mtu aanzie kwa mtu. Saba iliyobaki ilikuwa yangu. Kwenye wa tano Do ikahama nami nikahama nayo. Wa sita nilikosea, nikaendelea. Wa nane niliuacha na noti mbili tu, nikakanyaga kanyagio mpaka sauti ikaisha yenyewe.

"Wa saba ulikuwa na maneno mengi," Sajini akasema.

Baba Wambui alikuwa ameshika chai yake bila kuinywa. Akashukuru, akaaga, tukatoka. Barabara ilikuwa tope tupu, tukawa tunatembea pembeni, yeye mbele, mimi nyuma, boda boda zikituzunguka. Tulipofika penye duka la mkaa akasimama bila kugeuka.

"Nilikuwa nimechagua mahali," akasema.

"Mahali pa nini?"

"Kule Njoro. Kando ya baba." Baba yake amezikwa shambani, karibu na ua. "Ile wiki ulisimamishiwa dawa nilienda na ndugu yangu tukapima. Nikamwambia mvua ikinyesha asipande hapo."

Nikasimama kwenye tope. Miezi yote ile, umekula, twende, umekula.

"Hakupanda?"

"Shamba lote limeota. Hapo pako wazi."

Nilimpiga kifuani kwa ule mkono wa kushoto, sikusikia nilichogusa, halafu nikamshika koti kwa mkono wa kulia nikamng'ang'ania. Yeye ndiye aliyekuwa analia. Mwenye mkaa akaingia ndani ya duka lake kwa adabu.

"Mpigie simu," nikamwambia.

"Saa hii?"

"Saa hii."

Akapiga. Ndugu yake akaitika, akasema haloo, haloo, na Baba Wambui bado analia. Nikamnyang'anya simu.

"Shemeji, ni mimi. Ile sehemu mlipima, panda viazi."

Shemeji akaniuliza kama achimbe mitaro leo, ama angoje mvua ya jioni ipite. Nikamwambia achimbe leo.